Kinena kinauma ukinyanyua vyuma? Anza kwa kuweka kidole kimoja

Hapa jimu kwetu Kisenyi, Kampala, hawakosi vijana wa kunivuta pembeni, anaangalia huku na huku kama kuna mtu anasikia, alafu kwa sauti ya chini, "kaka, kuna sehemu inaniuma huku chini." Anashika juu ya kaptula kwa kiganja chote. Na wengi washakaa na hayo maumivu wiki tatu, wengine mwezi na zaidi, manake ni karibu na sehemu za siri na mtu anaona haya, anaogopa ataambiwa ni ugonjwa wa zinaa, ama mzee nyumbani ashamwambia ni mshipa na akampa majani ya kuchemsha. Mi si daktari, nafundisha watu vyuma, na kinena changu mwenyewe kilishawahi kuchanika, kwa hiyo naandika hapa yale maswali ninayowauliza kabla sijamwambia mtu apunguze kilo ama aende kwa musawo, yaani daktari.

Kwanza tutoe yale yasiyohusu vyuma kabisa, hata kama yameanza ukiwa umeshika baa. Korodani moja ikianza kuuma ghafla, ukali wa kukutoa machozi, imevimba ama imepanda juu kuliko mwenzake na unasikia kutapika, hiyo si msuli. Korodani inaweza kujisokota damu ikakatika, na una kama masaa 6 tu ya kuiokoa, kwa hiyo panda boda saa hiyohiyo hata kama ni saa nane ya usiku. Ukiwa na uvimbe kwenye kinena ambao kila siku ulikuwa unaingia na kutoka na leo umegoma kurudi, umekuwa mgumu, unauma, tumbo linajaa na unatapika, utumbo umenaswa, na hiyo pia haingoji asubuhi. Dada aliyekosa siku zake na anaumwa chini ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu juu yake, mimba inaweza kuwa imekaa nje ya mji wa mimba, akimbizwe. Maumivu yanayotoka ubavuni nyuma yakishuka mpaka kinena kwa mawimbi, unageuka geuka hupati mkao, mkojo una damu, hayo mara nyingi ni mawe ya figo. Na homa pamoja na nyonga inayouma mpaka mguu haukanyagi, hapo panaweza kuwa na usaha ndani ya kiungo. Kwa hayo yote usinitafute mimi. Na kama uko mbali na mji kumbuka vituo vya afya vya daraja la II na la III havina chumba cha upasuaji, daraja la IV ndo kinatakiwa kuwa nacho, kwa hiyo ulizia kabla hujapoteza masaa kwa kituo ambacho watakupa panado na kukutuma mbele.

Haya, kama hakuna hata kimoja kati ya hivo, lala chali mkekani, kunja goti kidogo, na uniwekee kidole kimoja, si kiganja, pale panapouma zaidi. Kidole kimoja. Manake kinena ni mahali padogo penye vitu vingi vimepishana, na mwaka 2014 wataalamu wa majeraha ya michezo walikutana Doha wakakubaliana kuyagawa maumivu ya hapo kwa kufuata palepale mkono unapogusa pakauma na harakati gani inayoyaamsha, yaani msuli wa paja la ndani, msuli wa mbele unaoinua goti, sehemu ya juu ya mkunjo upande wa tumbo, mfupa wa katikati, na nyonga yenyewe. Sisi pia tunaweza kufuata njia hiyohiyo bila mashine yoyote.

Kidole kimeenda paja la ndani, juu kabisa

Fungua mguu kwa upande uguse, utakuta kitu kama kamba imekaza inatoka pajani kwenda kwenye mfupa wa kinena. Ikiwa ni hapo, weka ngumi mbili ama mpira katikati ya magoti na ubane. Ikiuma palepale ulipoweka kidole, tumeshapata mtu wetu, ni msuli unaovuta paja ndani. Dalili nyingine ni kwamba kupanda boda ni shida, ule mguu ukiurusha juu ya siti unasikia kama umechomwa, na kushuka kwenye teksi ukiwa siti ya nyuma vilevile.

Hii ndo iliyonipata mimi. Nilikuwa navuta dedilifti ya kawaida, yaani kunyanyua baa kutoka sakafuni, miguu karibu, nikabadilisha kwenda sumo, miguu mbali, na sikupunguza kilo hata moja, nikaweka kilo 120 zilezile nilizozoea. Seti ya kwanza sawa. Seti ya pili, repu ya nne, yaani mara ya nne kunyanyua, baa ikiwa imefika magotini nikasikia kitu kama kitambaa cha shuka la zamani kinachanika, hakikutoa sauti lakini nilikisikia ndani ya mwili, nikaachia baa ikaanguka. Jioni jamaa mmoja akanichua kwa dawa ya moto, akakandamiza kwa kidole gumba mpaka nikauma taulo, na asubuhi paja lilikuwa limevimba na rangi ya zambarau imeshuka mpaka karibu na goti. Hiyo rangi ni damu iliyotoka kwenye nyuzi zilizokatika. Ukichua kwa nguvu siku ya kwanza unaongeza tu damu ndani, tafadhalini msikubali, hata akiwa mtu mzima na ana nia njema.

Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo ni kupumzisha, kitambaa cha baridi dakika 10 ama 15, tembea kama unaweza. Alafu, na hapa ndo watu wengi wanakosea, usikae mwezi mzima ukingoja lipone lenyewe, manake msuli uliolala unarudi dhaifu na repu ya kwanza nzito unachanika tena. Ukishaweza kubana mpira bila maumivu makali anza hapohapo, lala chali, mpira katikati ya miguu, bana sekunde 30, pumzika, rudia mpaka 10, na siku nyingine mpira uwe kati ya magoti. Maumivu madogo, tuseme 2 ama 3 kwa 10, yanaruhusiwa, mradi asubuhi inayofuata yasiwe yameongezeka. Ikizoea, lala ubavu unyanyue mguu wa chini. Ikizoea tena, ule mguu wa juu uweke kwenye benchi, mkono chini, unyanyue kiuno kwa paja la ndani, zoezi hilo linaitwa Copenhagen na ni gumu kweli, anza na goti juu ya benchi si kifundo.

Kwa waliokaa na maumivu haya miezi mingi kuna utafiti wa Denmark uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1999, waligawa wanamichezo makundi mawili, moja likafanya mazoezi ya kukaza misuli hii wiki 8 mpaka 12, lingine likachuliwa, likanyooshwa na kuwekewa mashine, na waliofanya mazoezi ndo waliorudi uwanjani kwa wingi, lile kundi lingine ni wachache sana. Nawaambia hii kwa sababu najua pesa ngapi zinaenda kwenye kuchuliwa.

Kurudi kwenye vyuma, skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na baa mabegani, ya miguu upana wa mabega itangulie, sumo na lanji za pembeni, zile hatua ndefu za kukunja goti, ziwe za mwisho kabisa, na uanze kwa nusu ya kilo ulizokuwa unabeba.

Upande mmoja tu, kila mara upande huohuo

Hapa nataka kukaa kidogo manake sijaona mtu akilisema. Jimu nyingi za mitaani hapa Kampala vyuma vyetu si vya dukani, ni saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, ni gia za lori, ni bomba lililochomelewa Katwe. Mwaka jana kijana mmoja alikuwa analalamika kinena cha kushoto, kila siku ya skwati, tukabadilisha miguu, tukapunguza, hakuna. Siku moja nikambeba yeye na makopo yake mawili yaliyoandikwa 20 kwa rangi nyeupe mpaka kwa yule anayenunua chuma chakavu mtaa wa pili, tukaweka kwenye mizani yake. La kwanza kilo 20 na nusu. La pili kilo 24. Na lile zito, kwa kuwa mpini wake umepinda, alikuwa analiweka kushoto kila siku bila kufikiria, kwa hiyo miezi yote hiyo alikuwa anashuka akiwa amevutwa upande mmoja na paja la kushoto linajikaza kumzuia asianguke. Tulipasua saruji ya lile la 24 tukapunguza kwa patasi mpaka yakalingana, akapumzika wiki mbili na mazoezi ya mpira, na yale maumivu yakaondoka.

Kwa hiyo pima makopo yako. Na angalia sakafu, uani mara nyingi umemwagiwa saruji yenye mteremko ili maji ya mvua yatoke, ukisimama hapo mguu mmoja uko chini kuliko mwingine, geuka utazame juu ama chini ya mteremko, siyo kuupa ubavu. Jirekodi na simu kwa nyuma pia, utaona kiuno kikikimbilia upande mmoja ukinyanyuka.

Kidole kimeenda mbele, kwenye mkunjo wa paja

Kaa kwenye kiti, inua goti, sukuma kwa mkono liende chini huku unagoma. Ikiuma, ni msuli unaoinua goti. Hawa mara nyingi ni wale wa situpu 200 na kuning'inia kwenye baa wakiinua miguu, alafu asubuhi wanapanda mlima Muyenga mbio, alafu jioni skwati. Msuli mmoja umefanyishwa kazi ya siku tatu. Punguza situpu, punguza mlima, endelea na skwati nyepesi isiyouma, na uufundishe taratibu kwa kuinua goti ukiwa umefunga kamba ya mpira wa tairi mguuni. Hii huwa inapona haraka.

Hukipati kwa kidole, ni ndani kabisa, na inabana ukifika chini

Mtu wa aina hii nikimwambia aweke kidole hawezi, anaishika nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vingine mbele, kama ameshika kikombe. Anasema ikifika chini kabisa ya skwati kuna kitu kinabana, wakati mwingine kinalia tik. Lala chali, leta goti kifuani alafu livuke kuelekea bega la upande mwingine, ikibana vilevile tunashuku kiungo cha nyonga chenyewe. Watu wengine wamezaliwa ama wamekua na mfupa wa paja wenye nundu kidogo shingoni, ama kikombe cha nyonga kirefu, na mfupa unagonga mfupa kabla hawajafika chini, ile nyama laini kama mpira ya pembeni ya kikombe inabanwa katikati.

Usishtuke ukipigwa picha ukaambiwa hivo, watu wengi wana maumbo hayo na hawaumwi chochote. Badilisha skwati kwanza. Panua miguu kidogo, geuza vidole nje, na weka stuli ama kreti za soda nyuma yako, urefu ule ambao ukigusa bado hakujabana, hapo ndo chini yako kwa sasa, hata kama mwenzako anashuka mpaka makalio yaguse visigino, mifupa yake si yako. Na uache kujinyoosha kwa kuvuta goti kifuani kwa nguvu, watu wanadhani wanafungua nyonga kumbe wanabana palepale panapouma. Ikiwa miezi mitatu imepita ukifanya hivi na bado inabana, ama nyonga inakwama, nenda kwa daktari wa mifupa.

Kuna wawili wanaofanana na hawa na hao siwapi zoezi hata moja. Wa kwanza ni mwenye sikoseli, wengine wanaita selimundu. Hapa kwetu sikoseli si kitu cha mbali, na damu ikiziba kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa unakufa taratibu na unabomoka, na maumivu yanajitokeza kinenani. Kijana mwenye sikoseli anayechechemea anahitaji picha, si skwati. Pombe nyingi kwa miaka na dawa za steroidi zinaweza kuleta hali hiyohiyo. Wa pili ni yule anayekimbia sana na kubeba sana na kula kidogo, vijana walio kwenye mafunzo ya jeshi, na akina dada ambao siku zao zimekatika, mfupa wa shingo ya paja unaweza kupata ufa mdogo. Huyo anaumwa akikanyaga, anaumwa usiku, na kila siku yanazidi kuliko jana. Usimwambie aruke mguu mmoja kujaribu, ufa ukifunguka ni upasuaji mkubwa. Apewe fimbo ama magongo, apigwe picha, na mjue eksrei ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi na ufa upo, kwa hiyo kama maumivu yanaendelea arudi, ama apigwe emaraai (MRI), picha inayoona zaidi ya eksrei, kama uwezo upo.

Kidole kimeenda juu ya mkunjo, upande wa tumbo

Simama mbele ya kioo bila nguo, weka kiganja juu ya kinena, kohoa mara mbili. Kitu kikigonga kiganja kutoka ndani, ama ukiona uvimbe unajitokeza ukisimama na kupotea ukilala, hiyo ni ngiri, henia, ule ambao wazee wanaita mshipa. Ukuta wa tumbo una sehemu iliyolegea na utumbo ama mafuta yanasukumwa kutokea hapo, hasa ukibana pumzi chini ya baa. Wanaume wanaipata zaidi, lakini akina dada wana aina yao inayotokea chini kidogo ya mkunjo, ni ndogo, rahisi kuikosa na ndo inayonaswa kwa urahisi, kwa hiyo dada asidanganywe kwamba henia ni ya wanaume.

Hapa sitaki kuzungusha maneno. Majani hayafungi tundu. Mkanda wa kunyanyulia haufungi tundu. Mazoezi ya tumbo hayafungi tundu. Acha kubeba vizito mpaka uonwe, na daktari mara nyingi anaitambua kwa mkono tu, akiwa na shaka anakutuma skani. Wanaoshona siku hizi wengine wanaweka wavu, unatembea mapema, na kwa vyuma vizito wengi wanaambiwa wasubiri wiki 4 mpaka 6 ama zaidi, fuata alichosema aliyekupasua.

Uvimbe ukiwa ndani ya mfuko wa korodani, laini, umejaa kama maji, hauendi ukilala, hiyo mara nyingi ni ngiri maji, na kwa ndugu zetu wa kaskazini kuna minyoo ya matende inayoileta. Ukikuta vijiuvimbe kama maharage viwili vitatu, vigumu kidogo, havisogei ukikohoa, hizo ni tezi, angalia kama una kidonda mguuni, na upimwe maambukizi ya zinaa na Virusi Vya Ukimwi bila kuona haya. Na kuna wanaoumwa hapa wakikohoa na kufanya situpu lakini hakuna uvimbe wowote, ukuta wenyewe umeumia, hao wanapumzika na kufuata mazoezi yaleyale ya mpira pamoja na ya tumbo, taratibu, wiki nyingi.

Maumivu yakiwa katikati kabisa, juu ya mfupa wenyewe, pande zote mbili zinashuka, ni kile kiungo cha mbele kimechoka, dawa yake ni muda na kupunguza lanji, mbio na mateke ya mpira.

Kuhusu vidonge

Naona vijana wanameza diklofenaki nusu saa kabla ya kubeba, wengine wanachomwa sindano kwa duka la dawa. Kidonge kinazima kengele tu, msuli uliochanika uko palepale na sasa unauwekea kilo 100 bila kusikia. Tena hizi dawa zinakula tumbo na zinasumbua figo, zaidi ukiwa umetoka jasho hujanywa maji. Kama lazima, parasetamoli usiku upate kulala, na mazoezi ufanye ukiwa unasikia mwili wako.

Ukienda kwa musawo

Usiseme "naumwa kiuno", atakupima mgongo. Sema kinena, onyesha kwa kidole kimoja, sema ilianza siku gani na ukifanya zoezi gani, kama ilikuwa ghafla ama kidogo kidogo, kama kuna uvimbe ukikohoa, kama usiku inakuamsha, na kama kwenu kuna sikoseli. Fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, ipo hospitali ya Mulago na kwenye hospitali za rufaa za mikoa kama Mbale na Arua, na kwa barabara ya Entebbe kuna hospitali ya CoRSU pale Kisubi ambao mifupa na viungo ndo kazi yao. Nenda umevaa kaptula iliyolegea, manake atahitaji kuikunja nyonga yako mpaka mwisho na kugusa pale ulipoweka kidole.